Pete Aliyoipima kwa Kidole cha Mwanawe

Walimwita Bi Koleo. Mgeni alidhani ni kwa ajili ya koleo zilizoning'inia juu ya meza yake ya usonara, lakini sivyo. Alipewa jina hilo kwa sababu akilishika neno halimtoki. Akisema mlango huu leo haufungwi, basi mtalala wazi. Mwenyewe jina alilipenda. Alisema heri koleo kuliko sufuria, maana sufuria kila mtu anatia chake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pete za uchumba. Kutengeneza, si kuuza za watu zilizopangwa kwenye kioo zikiwaka taa. Ulikwenda kwake na almasi yako, au ulimwachia yeye akutafutie, ukakaa kwenye kiti kifupi mbele ya meza, mkaongea. Huku mnaongea yeye anachora kwa penseli nyuma ya boksi tupu, na ukiondoka hapo unajua utapata pete ambayo mwingine hana. Watoto wa rafiki zake walivaa pete zake, marafiki wa watoto wake vilevile, na watu wasiomjua kabisa waliotumwa na hao.

Baba yake alikuwa sonara na alikuwa na wavulana. Wavulana aliwafundisha kuyeyusha dhahabu, yeye akapewa ufagio. Kwenye karakana ya sonara hakuna vumbi la kutupa, kila kitu kinakusanywa kwa sababu ndani yake mna chembe za dhahabu, kwa hiyo mfagiaji lazima ainame sana na atazame sana. Basi akainama, akatazama. Baba alipofariki wale kaka zake waliofundishwa wakaziacha tupa na koleo zipate kutu, mmoja akawa dereva, mwingine mpaka leo haijulikani anafanya nini. Aliyefagia ndiye akakaa mezani.

Mumewe hakufa. Aliondoka mzima mzima, akasema hawezi kulala na mwanamke mwenye mikono migumu kama seremala. Bi Koleo akamwambia, "Mikono hiyo ndiyo imekununulia suruali unayoondoka nayo." Akabaki na watoto, wakubwa wakaenda zao, wa mwisho akabaki. Huyo kitinda mimba walimfupishia wakamwita Tinda, naye ndiye aliyekuwa roho ya mama yake, ingawa mama hakuwahi kumwambia hivyo, maana hakuwa mtu wa kutamka mambo ya namna hiyo.

Sasa, Bi Koleo alikuwa na utaratibu wake. Mwanaume akija kuagiza pete, hakumuuliza jina la mchumba wala uzuri wake. Alimuuliza, "Mikono yake inafanya kazi gani?"

"Anakanda mikate, Mama."

"Basi jiwe litakaa chini, lilale, unga usije ukajaa kwenye meno yanayolishika. Mwingine?"

"Mimi wangu… yuko ofisini."

"Ofisini anafanya nini? Anapiga mihuri? Anaandika kwa mkono gani?"

"Sijui vizuri."

"Hujui! Unataka kumuoa mtu hujui anaandika kwa mkono gani? Rudi ukamtazame, halafu ndiyo uje."

Na walirudi kweli, watu wazima na tai zao shingoni, wakaenda kutazama. Wengi walikuja kumshukuru baadaye.

Jambo la pili lilikuwa uzi. Mwanaume anayetaka kumshtukiza mchumba wake hawezi kumleta dukani apimwe, kwa hiyo humviringishia uzi kidoleni akiwa amelala, au humwomba rafiki wa kike amwibie kipimo, akaja na uzi wenye fundo. Bi Koleo aliudharau uzi. Alisema mwanaume akipima kidole cha mwanamke anayempenda huogopa kukaza. Kwa hiyo kila uzi ulioletwa aliupunguza kidogo, na kila mara alipata. Kupata kila mara ndiko kulikomponza.

Chumba chake cha kazi alikipanga pamoja na Fundi Saa, meza mbili zikitazamana, dirisha moja. Fundi Saa alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mtoto alilelewa pale katikati ya meza mbili, akila kwa Bi Koleo, akioga kwa Bi Koleo, akichapwa na Bi Koleo. Alirefuka mpaka akaitwa Mrefu. Tinda na yeye walikwenda shule pamoja, wakarudi pamoja, na hata walipokuwa watu wazima wenye kazi zao, mvua ikinyesha Mrefu alikuja na mwavuli kumsubiri Tinda nje ya kiwanda cha uchapaji alikokuwa akichora lebo na kadi. Watu waliona wakamaliza kwamba hawa wataoana. Bi Koleo naye aliona akamaliza. Tinda mwenyewe alimpenda kimyakimya miaka yote, akingoja aambiwe. Mrefu peke yake ndiye hakuulizwa.

Fundi Saa alipofariki, meza yake ikaachwa pale pale. Mrefu akahamia upande wa pili wa mji kwa ajili ya kazi, akawa anakuja mara moja moja. Siku moja akaja asubuhi, amevaa shati jipya, ameshika kikaratasi kilichokunjwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko hawali?"

"Wanakula, Mama. Ni mimi tu sikai nikatulia." Akakifungua kikaratasi juu ya meza. Ndani mlikuwa na almasi, si kubwa, lakini safi, imekatwa vizuri. "Nataka unitengenezee pete. Ya uchumba."

Bi Koleo alilichukua jiwe akaliweka kwenye kioo cha kukuzia, apate pa kuuficha uso.

"Mama, kabla hujaanza, nilitaka nikwambie. Huyu mwenyewe…"

"Koma! Usiniambie."

"Lakini lazima ujue."

"Mimi nimekuona ukiota meno, leo uje uniambie cha kujua? Najua zamani."

Mrefu akamtazama. "Kumbe unajua? Nani kakwambia?"

"Nina macho."

"Na hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Nimekuwa nikiliomba hili kila nikiamka."

Kijana akacheka kwa sauti, akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Alikuwa na wasiwasi siku nyingi kwa kujichagulia mtu bila kumshauri, kumbe mama amekwisha jua na ameridhia! Akatoa uzi wenye fundo, akauweka mezani, akamshika yule mama mkono akaubusu, akaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyewarudisha wanaume wa watu nyumbani wakatazame mikono ya wachumba zao, siku hiyo hakuuliza. Swali lake lenyewe alilokuwa akijisifia, hakuliuliza. Angeuliza, Mrefu angesema, "Ni nesi wa wodi ya wazazi, Mama, ananawa mikono kutwa nzima," na kila kitu kingeishia hapo, kwa uchungu kidogo na chai. Lakini mtu anayejua kila kitu atauliza nini?

Aliutazama ule uzi. Ulikuwa mpana mno kwa kidole cha Tinda. Akacheka peke yake. "Wanaume hawa! Amempimia Tinda au amepimia mpini wa jembe?" Akauviringisha, akautupa kwenye sinia la vumbi.

Pete hutengenezwa kwanza kwa nta. Unachonga nta mpaka iwe pete kamili, ndipo unaizungushia udongo wa kalibu, unaichoma nta itoke, unamimina dhahabu mahali ilipokuwa. Bi Koleo alipomaliza kuchonga, alimwita Tinda aliyekuwa amerudi kazini.

"Lete kidole."

"Cha nini?"

"Lete, nimesema. Hicho. Usikikunje."

Ile pete ya nta ikaingia, ikapita kifundo, ikakaa. Tinda akaitazama. Akaona pale pembeni pa nafasi ya jiwe kubwa pana matundu mawili madogo, na akaona mezani, kwenye kifuniko cha chupa, vijiwe viwili alivyovijua tangu utoto. Vilikuwa vya herini za bibi yake, almasi ndogo mbili ambazo mama yake hakuzigusa hata siku walipolala na njaa.

"Mama. Hii ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe nenda kapike." Lakini alikuwa akitabasamu, na Bi Koleo hata kwenye picha hakuwa akitabasamu. Tinda akaelewa. Akaenda jikoni akasimama mbele ya jiko bila kuliwasha.

Hapo ndipo palipoharibika kweli, maana pete ni pete tu, inatengenezeka. Kiwandani kwa Tinda walikuwa wanafungua tawi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na bosi wake alimtaka yeye aende akaliongoze. Angepata chumba chake cha kazi, watu chini yake, michoro yake yeye. Alikuwa ameomba muda wa kufikiri. Kesho yake asubuhi, akivaa viatu, akasema, "Mama, bosi anataka jibu leo."

"Mwambie huendi."

"Kabisa?"

"Utakwendaje mji mwingine na nyumba yako itakuwa hapa?"

"Una hakika, Mama? Yeye hajaniambia kitu."

"Nimewahi kukwambia jambo likawa sivyo?"

Tinda akaenda akakataa. Nafasi akapewa kijana mwingine ambaye Tinda ndiye aliyemfundisha kushika kalamu ya kuchorea.

Ile pete ilitoka nzuri kuliko zote. Na hili si la kutia chumvi. Jiwe kubwa limelala chini kidogo, vile vijiwe vya bibi vimelishika kama mtu anayesaidiwa kusimama na wanawe wawili, mduara wa pete mwembamba bila kuwa dhaifu. Mrefu alipokuja kuichukua machozi yalimlenga. Akauliza, "Na hivi vidogo, Mama?" Akajibiwa, "Hivyo vyangu. Nimetoa mwenyewe." Akamkumbatia mpaka miwani ikamwanguka.

Basi Bi Koleo akafua mapazia. Akamwita dada yake mkubwa, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango, akamwambia kwa siri, na jioni siri ikawa imefika kwa muuza mkaa. Majirani wakaanza kumwita Tinda bibi harusi. Tinda akasuka. Kila mlango uliogongwa aliurukia yeye.

Mlango uligongwa Jumamosi, dukani, mchana. Dada mkubwa alikuwepo, amekuja kuuliza mbona kimya. Tinda alikuwa amekaa kwenye meza ya marehemu Fundi Saa akimenya chungwa. Akaingia Mrefu, na nyuma yake mwanamke mnene kiasi, uso mzuri wenye maumivu, ameinua mkono juu umefungwa kitambaa cha maji.

"Mama, tusaidie," Mrefu akasema. "Imekwama."

"Shikamoo, Mama," akasema yule mwanamke. "Nisamehe. Nilipoona ni ndogo ningesubiri, lakini nilifurahi, nikalazimisha. Sasa haitoki hata kwa sabuni."

Akakifungua kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi ya bilinganya, na katikati ya nyama ile iliyofura ilikuwa ile pete.

Dada mkubwa ndiye aliyepata sauti kwanza. "Huyu ni nani?"

"Mama Mkubwa, huyu ndiye mchumba wangu. Nesi. Mama anamjua."

"Mchumba wa nani?"

"Wangu."

"Wako wewe? Kwa hiyo hii pete ya…"

"Dada," akasema Bi Koleo, "funga mdomo."

Chungwa lilikuwa limeacha kumenywa. Bi Koleo hakugeuka kumtazama mwanawe. Alimkalisha nesi kwenye kile kiti kifupi, akachukua kisu chake kidogo chenye gurudumu la meno, kile cha kukatia pete zilizokwama, akaupitisha ulimi wa kisu hicho chini ya dhahabu ili ngozi isiguswe. Alikuwa amekata pete nyingi za watu kwa kisu kile huku akiwatania. Siku hiyo hakumtania mtu. Akaanza, kisu kikateleza. Akaanza tena, nesi akalia "Aah!"

Tinda akainuka. Akafuta maji ya chungwa kwenye nguo yake, akapiga magoti, akaushika mkono wa yule mwanamke kwa mikono yake miwili, akaukaza juu ya meza.

"Tulia, dada," akamwambia. "Usipovuta haiumi."

Gurudumu likazunguka. Unga wa dhahabu ukadondoka kwenye vidole vya Tinda. Ikakatika.

Mrefu aliyekuwa ameshikilia pumzi sasa akasema, si kwa ubaya, kwa mshangao tu, "Mama, si nilikuletea uzi?"

"Na alipouviringisha nilikuwa macho," nesi akasema, "nilijifanya nimelala." Akajaribu kucheka.

Watu wote wakamtazama Bi Koleo. Hapo palihitaji maneno machache tu. "Nilidhani ni ya mwanangu." Mtu mwingine angeyasema, akalia, wakalia wote, likaisha. Yeye akaipanguza pete kwa kitambaa, akasema, "Uzi wako ulisinyaa. Nyuzi za siku hizi ni mbovu."

"Sawa, Mama, itengenezwe tu," akasema nesi, akikikanda kidole chake. "Ila naomba hivi vijiwe viwili vya pembeni visiguswe. Navipenda kuliko hata hilo kubwa."

Tinda alikuwa bado amepiga magoti. Akainua uso akamtazama mama yake, akangoja. Alimpa nafasi hiyo.

"Havitaguswa," akasema Bi Koleo.

Walipoondoka, dada mkubwa naye akiwa amekimbilia kwenda kueneza, mama na mwana wakabaki na zile meza mbili.

"Ungewaambia," akasema Tinda.

"Niwaambie nini? Niwaambie sonara mzima nimepima kidole ambacho hakikuagizwa? Nani atakuja hapa tena?"

"Vijiwe vya bibi, Mama."

"Nilishasema nimetoa. Sirudii neno."

"Na kazi yangu?"

Bi Koleo akawasha moto wa kulehemu. Moto ule una kelele, na mtu akiuwasha husikii vizuri anayesema nyuma yako. Akakata kipande cha dhahabu, akakitia penye mkato, pete ikapanuka kufikia kipimo ambacho kilikuwa kwenye uzi tangu mwanzo. Aliifanya vizuri. Mahali pa kiungo hapakuonekana.

Lililokuwa baya zaidi lilikuja baadaye. Mtaani walisema Mrefu amemtosa Tinda. Walisema alimchezea, wakasema kuna jambo aliligundua kwa huyo binti, mwanaume hamwachi mtu bure, na mengine yasiyoandikika. Ilikuwa ni uongo mtupu, kijana hakumwahidi mtu kitu. Neno moja la Bi Koleo lingeyazima yote. Siku dada yake alipomwuliza, "Lakini huyu kijana kweli alimgeuka Tinda?" yeye akasema, "Vijana ndivyo walivyo." Basi. Mrefu yalipomfikia hakuja tena, na yule nesi alipojifungua hakuna aliyetumwa kumwita Bi Koleo aje kumwona mtoto kama bibi yake.

Tinda hakugombana. Ingekuwa nafuu angegombana, Bi Koleo ugomvi aliuweza. Alihama tu, akapanga chumba karibu na kiwanda, akifanya kazi ileile chini ya yule kijana aliyemfundisha. Akija kumsalimia mama yake alibisha hodi, akakaa karibu na mlango, akauliza hali ya miguu, akaaga.

Miaka ikapita, akatokea mwanaume mwema, fundi wa majokofu, mpole, mwenye mapengo na kicheko kirefu. Tinda akaja mwenyewe dukani kumwarifu mama yake. Alisema kwa kifupi akiwa amesimama.

Bi Koleo alishika penseli kabla hata hajamaliza. "Mwambie asinunue popote. Jiwe nitatafuta mimi. Nitakufanyia ambayo haijawahi kuonekana, nitaacha kazi zote za watu. Kaa hapo, lete…"

"Hapana, Mama."

"Hapana nini?"

"Sitavaa pete. Tumeshakubaliana naye."

"Mtoto wa sonara aolewe kidole kitupu? Watu watasemaje?"

"Waliwahi kusema, ukawaacha." Mikono yake alikuwa ameikunja kwapani, kama mwenye baridi. "Sitaki kupimwa tena na wewe, Mama."

Kulikuwa na maneno, na Bi Koleo aliyajua, si kwamba hakuyajua. Yalimfika mpaka kwenye meno. Akaishusha penseli, akavuta boksi lililokuwa mbele yake kana kwamba ana la kufanya.

"Haya, nenda. Nina mteja anakuja."

Hapakuwa na mteja. Tinda alilijua hilo, lakini akaaga kwa adabu, akatoka.

Siku ya harusi Bi Koleo aliwekwa mbele, kama inavyostahili. Alivaa vizuri, shingo imenyooka. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi, asiyejua lolote, akamwinamia akauliza, "Bi Koleo, wewe fundi wetu wa almasi zote hizi, mbona binti yako hana pete?"

Bi Koleo hakugeuza kichwa.

"Dhahabu ya siku hizi haifai," akasema, akaendelea kupiga makofi.